Mstari Usio na Nukta

Hamugembe, Bukoba
26 Februari 1990

Munywani wangu Ndyamukama,

Funga mlango kwanza. Kama Immakulata yuko karibu, mwambie hii ni barua ya mambo ya shule, kisha nenda kaisomee mahali pasipo mtu. Nakusihi kwa kahawa ya udugu tuliyokula: neno hata moja la barua hii lisimfikie mtu mwingine, si mama yako, si Padri, si hata huyo Immakulata utakayemuoa. Ikijulikana nimeandika haya, kazi sina, na huenda wakanipeleka mahakamani, kwa sababu siku waliponiajiri nilitia sahihi karatasi ya kutunza siri.

Kazi yangu unaijua. Mimi ni karani tu katika mradi wa utafiti wa mafua hapa mjini. Sigusi chupa wala darubini. Naandika majina daftarini, nampa kila mtu namba, daftari nalifungia kabatini, na wakubwa wanaona namba bila majina. Mwezi wa saba mwaka jana, darasa lako zima lilipokuwa likikohoa, ni mimi niliyekaa mezani pale shuleni kwenu Izigo, wakati Dada Vijaya akiwapitishia watu kijiti cha pamba kooni. Ulinitania mbele ya watoto: "Karani, andika vizuri, mate ya mwalimu yana elimu." Nikakuandika namba kumi na mbili.

Ijumaa ilifika bahasha kubwa kutoka ng'ambo, kule vijiti vilikopelekwa. Nilipaswa kuigonga mhuri na kuiweka mezani kwa Dada Vijaya, mkuu wetu wa maabara. Yeye alikuwa amesafiri kwenda Mwanza. Bahasha ilikuwa imechanika ubavuni. Nilitazama.

Ndani mna karatasi ndefu yenye mistari tisa ya herufi zisizofanya neno lolote. Kila mstari unaanza na mahali, namba na mwaka. Katika mistari mingi herufi karibu hazipo. Kuna nukta, nukta, nukta, kisha herufi moja, kisha nukta tena. Wako umeandikwa A/Izigo/12/89. Munywani, wako umejaa herufi. Nukta ni za kutafuta. Na chini ya mistari yote kuna nyota ndogo, hapa moja, kule mbili, kana kwamba mtu ameweka alama mahali pa hatari.

Wanasema wanatafuta mafua. Lakini niambie wewe mwalimu: nani atoke Ulaya kuja kutafuta mafua Izigo, mahali tunapozika kila wiki? Tangu mwanzo nimeamini kwamba mafua ni jina la mlangoni tu, na wanachokitafuta ndani ni Juliana, ukimwi huu wa sasa. Wenye nukta ndio wasio na kitu. Na wenye herufi

Siwezi kumaliza. Umeelewa.

Najua Padri ataanza kutangaza ndoa yenu Jumapili ya tarehe 18 Machi. Mwombe asubiri. Usimpe sababu. Barua hii ichome.

Mimi wako,
Datius

*

Izigo, Muleba
6 Machi 1990

Munywani Datius,

Barua yako nimeisomea chooni, maana kwetu hakuna mlango mwingine unaofungika. Immakulata alikuwa amekuja kumsaidia mama kumenya ndizi. Akanipigia kelele toka jikoni: "Mwalimu, tumbo?" Nikajibu, "Tumbo." Huo ukawa uongo wangu wa kwanza kwake wiki hii, na si wa mwisho.

Sikuichoma. Nimejaribu mara mbili. Inabaki imenikaa mfukoni.

Nifundishe kama mtoto wa darasa la tatu. Herufi hizo zinasema nini hasa? Zinasema ninao, au zinasema ninao sana? Mbona sijakonda? Juzi nimebeba gunia la kahawa mpaka barabarani bila kupumzika. Halafu usiku nikahema, nikajiuliza kama nilivyohema ndivyo watu wanavyohema. Sasa kila kitu cha mwili wangu nakisahihisha kwa kalamu nyekundu.

Swali la pili. Mwezi ule wa saba na wewe ulikuwa ukikohoa, nakumbuka, uliikunja leso kila dakika. Ulipimwa? Namba yako ni ipi, na mstari wako unasemaje? Wangu umeniambia, wako hukuutaja.

Usinifiche. Umesahau mwaka wa vita? Ndege zilipoangusha mabomu Bukoba, mkaja kwetu kwa miguu, baba yako kabeba cherehani kichwani, wewe umeshika kuku asiyenyamaza. Tulikuwa na miaka kumi na miwili. Tulikwenda kibanjani, katikati ya migomba, tukafanya omukago, udugu wa damu, wenyewe bila mkubwa yeyote, kwa wembe wa baba. Tunda moja la kahawa, punje mbili: wewe ukala yenye damu ya kitovu changu, mimi ya chako. Tukasema kama tulivyowasikia wazee wakisema: atakayemficha mwenzake, tumbo lake livimbe. Basi mimi sitaki tumbo langu livimbe. Sikiliza.

Unamkumbuka Anatolia, aliyekuwa akinunua samaki kule mwaloni na kuwaleta sokoni? Nilikuwa naye mwaka wote wa 1986. Hakuna aliyejua. Mwaka jana baada ya Pasaka alizikwa. Walisema kifua kikuu. Sikwenda mazishini, nilijifanya nina mtihani wa kusahihisha. Kwa hiyo barua yako haikunishangaza kama ulivyodhani. Ilinikuta nikiingoja.

Immakulata hajui.

Ndyamukama

*

Hamugembe
10 Machi 1990

Munywani,

Mimi sikupimwa. Karani hapimwi. Usiniulize tena.

Kuhusu Anatolia, pole. Sikujua. Sasa kila kitu kinalingana, na hilo ndilo linaloniogopesha.

Bahasha nimeifunga kwa gundi, nimeiweka mezani kwa Dada Vijaya. Amerudi. Ananitazama kama kawaida, yaani sijui kama ananitazama kwa kawaida.

Mwombe Padri asubiri. Ichome na hii.

D.

*

Izigo
20 Machi 1990

Shemeji Datius,

Salamu nitakupa siku utakayostahili.

Jumapili nilivaa kitenge kipya. Padri alitangaza ndoa tatu, yetu haikuwamo. Kanisa zima liligeuza shingo. Shangazi yangu akasema kwa sauti ya kusikika mpaka altareni, "Labda Padri kapoteza miwani." Watu wakacheka. Mimi nilikaa pale mpaka baraka ya mwisho, kwa sababu kutoka mapema kungekuwa kukubali.

Nikaenda kwao. Nilimkuta Ndyamukama akila peke yake nyuma ya nyumba. Sahani yake na kikombe chake amevipaka alama ya rangi nyekundu.

"Hii ni nini?"

"Ni vyombo vya mwalimu."

"Tangu lini mwalimu ana vyombo vyake?"

"Imma, tafuta mtu mwingine. Bado una umri."

Naambiwa nitafute mtu mwingine kama naambiwa nitafute ndoo nyingine! Nikamuuliza kama kuna mwanamke. Akatikisa kichwa, kisha akaitika kwa kichwa, kisha akalia. Shemeji, mwanamume mzima, mdomo umejaa ndizi, analia.

Ana karatasi mfukoni mwa shati. Akiinama inachungulia. Mwandiko ni wako. Naujua, kwa sababu uliandika kadi zetu za mwaliko, zile kadi arobaini zilizo chini ya kitanda changu. Nikasema, "Datius amekuandikia nini?" Akasema, "Tuliapa."

Ninyi mlikula kahawa. Mimi sikuila, kwa hiyo sina tumbo la kuvimba. Nakuuliza wazi: umemwambia nini? Kama ni kweli, njoo ukiseme mbele yangu. Kama si kweli, kifute. Lakini usiniache hapa nikitazama sahani nyekundu.

Immakulata

*

Hamugembe
24 Machi 1990

Munywani Ndyamukama,

Barua ya Immakulata imenifikia. Hii isomeni pamoja. Ndiyo, pamoja.

Nimekukosea mara tatu. Nilisoma nisichokielewa. Nikakuandikia nisichokijua. Kisha nikakudanganya.

Mimi nilipimwa. Namba yangu ni tatu. Katika karatasi ile mstari wa juu kabisa umeandikwa A/Bukoba/3/89, na hauna hata nukta moja. Hata moja. Ni herufi tupu toka mwanzo mpaka mwisho. Ijumaa ile niliutazama nikasema, Datius, umekwisha. Nikatafuta chini kama kuna mwingine anayenikaribia, nikakukuta wewe. Nikakumbuka wembe na kahawa. Sikujua kama nilikupa mimi au ulinipa wewe. Na niseme ukweli wote: sikukuandikia kwa ajili ya kukuokoa tu. Nilikuandikia ili nisiwe peke yangu.

Juzi nilimpelekea Dada Vijaya barua ya Immakulata. Nilisimama mbele ya meza yake nikamwambia kila kitu, bahasha, majina, yote. Yeye, unamkumbuka, ni binti wa Mzee Umedbhai wa duka la madaftari. Anajua Kihaya kuliko mimi akikasirika. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Datius, kesho nitaamua kama nikufukuze. Leo vuta kiti, maana huwezi kufukuzwa ukiwa mjinga kiasi hiki."

Akaitandaza karatasi.

"Haya ni mafua," alisema.

"Mafua kweli?"

"Mafua ya kamasi. Mafua ya kikohozi. Mafua yaliyomwondoa bibi yangu mimi. Ulidhani nini?"

Nikamwambia nilichodhani. Akasema taratibu kwamba hata yeye aliwauliza wale wa ng'ambo, kwa nini mafua, kwa nini hapa, wakati huu. Hakuniambia walimjibu nini. Alinieleza haya, nami nakuandikia kama nilivyoshika, nikikosea ujue ni mimi.

Virusi vya mafua vina miiba juu ya mwili. Mwiba wa aina moja ni wa kushikia koo. Wa aina ya pili ni wa kukata: virusi vipya vikizaliwa vinanasa pale pale kwenye koo, na mwiba huo ndio unaovikata vitoke viende mbele. Mwiba huo ni protini, na protini ni kama shanga zilizotungwa kwenye uzi. Kila herufi katika karatasi ni shanga moja. Mistari tisa ni miiba ya kukatia ya virusi tisa, vilivyotoka kwenye makoo tisa. Makoo ni yetu, lakini wanaoandikwa pale si sisi, Ndyamukama. Ni wadudu waliotupitia wiki moja mwezi wa saba kisha wakaenda zao.

"Basi mbona mstari wangu hauna nukta?" nikauliza.

"Nukta maana yake ni 'sawa na wa juu'. Wa juu ni wako. Ulitaka ufanane na nani?"

"Kwa nini wangu uwe juu?"

"Kwa sababu kirusi chako kiliota vizuri maabara kuliko vya wote. Hongera."

Wako umejaa herufi kwa sababu mafua yaliyokushika wewe ni ya ukoo mwingine, tofauti na yaliyonishika mimi. Ni hayo tu. Huo ndio msalaba niliokutwika.

Nikauliza nyota. Hapo akasahau hasira, akawa kama mtu anayeonyesha picha ya mtoto wake. Nyota ni mahali ambapo mistari yote tisa inakubaliana. Virusi vinabadilisha shanga kila mwaka, ndiyo maana mtu anaugua mafua leo na mwakani tena. Lakini shanga za nyota hazibadiliki, hata kwenye ukoo wako na wangu. Karatasini ziko mbalimbali, ila uzi ukijikunja zinakutana pamoja, kwenye kishimo kimoja. Kishimo hicho ndicho mdomo wa kukatia. Mwiba ukibadilisha mdomo wake, haukati tena, na kirusi hakiendi popote. "Vibuyu vya pombe ya rubisi," akasema, "kimoja kinene, kingine chembamba, lakini kama midomo ni sawa, kizibo kimoja cha jani la mgomba kinatosha vyote." Wanachotaka ni dawa itakayokuwa kizibo hicho. Bado hawana. Ndiyo maana wanakusanya makoo ya kila mahali, hata ya Izigo, wasije wakatengeneza kizibo cha vibuyu vya Ulaya peke yake.

Basi nafuta. Kila nilichoandika tarehe 26 Februari nakifuta. Mwambie Padri atangaze. Vunja ile sahani.

Nisamehe ukiweza.
Datius

*

Izigo
31 Machi 1990

Datius,

Nimeisoma kwa sauti, Immakulata akisikiliza. Nilipofika kwenye mwiba wa kukata akaniambia nirudie. Nilipofika kwenye vibuyu akacheka kidogo, cheko la kwanza mwezi huu. Nilipomaliza nikadhani mambo yamekwisha. Akauliza, "Sasa mbona ulilia?"

Unaona ulivyonifanyia? Barua yako ya kwanza ilisema ninao. Ya mwisho inasema karatasi ile haikunihusu. Nimezisoma zikiwa zimelala sambamba mezani, kama hiyo mistari yenu, nikitafuta mahali zinapokubaliana. Zinakubaliana mahali pamoja tu: hakuna kati yake inayosema sina. Karatasi haikusema ndiyo, na haikusema hapana. Nimerudi pale nilipokuwa kabla ya bahasha, ila kabla ya bahasha niliweza kutotazama.

Nikamwambia habari za Anatolia. Zote, mpaka mazishi ambayo sikwenda.

Alivuta kikapu cha ndizi akamenya. Alimenya za mchana, akamenya za jioni, akamenya na zile mama alizoziweka za kesho. Mama akaja akaangalia rundo, akaniangalia mimi, akarudi ndani. Mwishowe Immakulata akafuta kisu kwenye jani akasema, "Hospitali ya Bukoba wanapima. Tutakwenda. Na mimi nitapima, na majibu yangu nitayasoma mwenyewe. Nimechoka kusomewa."

Nikamwambia naogopa.

Akasema, "Na huyo munywani wako, amepima?"

Kwa hiyo nakuuliza kwa ajili yake, na kwa ajili yangu. Si mafua. Kile kingine. Umekaa kwenye mji wenye hospitali, unafanya kazi na watu wa maabara. Umepima?

Padri nimemwambia asitangaze bado. Safari hii sababu nimempa.

Sijui kama nimekusamehe. Nikijaribu kukukasirikia naona kuku yule wa mwaka wa vita, nashindwa.

Ndyamukama

*

Hamugembe, Bukoba
7 Aprili 1990

Munywani wangu, na Shemeji Immakulata,

Sijapima.

Napita mbele ya mlango ule wa hospitali kila siku nikienda posta. Nimewahi kukaa kwenye benchi. Nesi aliniuliza jina, nikasema nimekosea njia. Mimi niliyewaandikia watu mia mbili na kumi namba za kupimiwa, nikiwaambia, "Usiogope, ni kijiti tu."

Dada Vijaya hajanifukuza. Amenichukua ufunguo wa kabati la daftari, na kila asubuhi namwomba anifungulie, naye anafungua bila neno. Nilimuuliza kama ile kazi ya nyota inaweza siku moja kufanywa kwa ugonjwa wetu huu, kutafuta kishimo kisichobadilika, kukitengenezea kizibo. Alisema kirusi hicho kinabadilika kupita mafua, kichwa kinauma kukifikiria, lakini na chenyewe lazima kiwe na mahali kinapohitaji kubaki vile vile ili kiweze kuishi. "Wapo wanaotafuta," alisema. "Lini, usiniulize." Sikuelewa kama nifurahi. Nawaambia na nyinyi msiulize lini.

Sikilizeni, haya ndiyo ya kufanya. Njooni Alhamisi ya baada ya Pasaka, tarehe 19. Pandeni basi la kwanza linalotoka Muleba. Msishuke stendi, stendi kuna watu wa kwetu na macho yao. Shukeni Rwamishenye, kwenye maduka, mteremke kwa miguu mpaka hospitali. Msiache kula njiani kwa hofu ya kupimwa, nimeuliza, kula hakuzuii, kuleni. Nimeandikisha nafasi tatu kwa jina langu mimi, majina yenu sikuyatoa. Benchi liko upande wa kushoto, chini ya dirisha lenye kioo kilichopasuka. Saa tatu nitakuwa nimekaa mwishoni mwa benchi, na kando yangu nitakuwa nimeweka koti langu ili mtu asikae. Atakayetaka kujua mbona nimeshika nafasi mbili, nitamwambia nina ndugu.

Majibu hayatoki siku hiyo. Tutayangoja pamoja, mlale kwangu. Kila mtu atasoma lake, kama alivyosema Shemeji. Langu sitalifungua mpaka nyote mmekaa.

Mkifika benchini mkakuta koti hakuna na mimi sipo, msidhani nimechelewa. Nimekimbia. Msirudi Izigo. Njooni Hamugembe, mwulizeni yeyote nyumba ya Karani wa Makohozi, ndivyo wanavyoniita huku, hata watoto watawaonyesha: vyumba viwili nyuma ya mgomba ulioegemea ukuta, mlango wa bluu. Nitakuwa ndani, nimeweka komeo. Nitanyamaza kama sipo. Usigonge kwa nguvu, Ndyamukama, usiniite kwa jina. Sogea mdomo mlangoni useme yale maneno ya tumbo kuvimba, kama ulivyoyasema kibanjani.

Nitafungua.

Datius